Sakafu Iliyopumua

Tessa Yurkanin alikuwa anaogopa sakafu. Wapo wanaoogopa mbwa, wapo wanaoogopa giza. Yeye aliogopa kile alichokikanyaga. Kwetu Brynmoor, katika bonde la Lackawanna, hakuna aliyemshangaa sana kwa hilo, maana chini ya mji mzima kuna mashimo ya makaa ya mawe waliyochimba babu zetu, na hakuna aliyerudi kuyafukia. Tessa alipokuwa bado mtoto wa darasa la kwanza, asubuhi moja mama yake alifungua mlango wa nyuma kwenda kuanika nguo, akakuta ua haupo. Banda la jirani, mti wa tufaha na kamba ya nguo vilikuwa vimemezwa, na kutoka kwenye shimo ulikuwa unapanda mvuke. Walihamishwa siku hiyohiyo, na nyumba ikabomolewa. Tessa akaenda kuishi kwa bibi yake mtaa wa juu, na tangu hapo haingii chumba chochote bila kwanza kuipiga sakafu yake kwa kisigino, kama mtu anayewabishia hodi walio chini.

Huyo ndiye tuliyeanzisha naye bendi ya panki.

Tulikuwa watatu. Tessa aliimba na kupiga gitaa. Mimi, Kaz Gavenas, nilipiga besi. Kwenye drams alikuwa Emlyn Pryce, kijana mrefu mwenye mdomo usiolala, aliyefanya kazi kwenye ghala la matairi na kila Jumatatu alipiga simu kazini kusema anaumwa, kwa sababu Jumapili ndiyo siku tuliyokuwa tunapiga muziki. Ndiyo maana bendi tukaiita Wagonjwa wa Jumatatu. Panki yetu ilikuwa ile yenye sukari: gitaa linakimbia, ngoma zinalikimbiza, lakini juu yake kuna sauti ambayo hata mama yako anaweza kuifuatisha akiosha vyombo. Tuliimba juu ya kituo ambacho basi limeacha kusimama, juu ya mvulana aliyehamia Philadelphia akarudi anaongea puani, juu ya mambo ya kwetu.

Mazoezi tulifanyia chumba cha juu, nyuma ya kinyozi. Kwao Emlyn kulikuwa na chumba kizuri cha chini ya nyumba, lakini Tessa alishuka ngazi mara moja tu, akageuka akatoka, na hatukulizungumzia tena.

Mwaka wa kwanza tulipiga popote walipotukubali. Tulipiga chumba cha nyuma cha duka la piza, watu wakitugeuzia mgongo kutazama mpira kwenye televisheni. Tulipiga kwenye bazaa ya kanisa, katikati ya akina mama wanaouza sambusa za kuchemsha ziitwazo pierogi na padri anayeuza tiketi za bahati nasibu, na padri akatuomba tupunguze sauti halafu baadaye akaja kuuliza jina la ule wimbo wa basi. Polepole vijana wakaanza kutufuata. Walitoka Nanticoke, walitoka Hazleton, wamejazana kwenye magari ya mama zao. Siku moja nilikuwa nimesimama taa nyekundu nikasikia wimbo wetu unatoka kwenye gari la mtu nisiyemjua. Nilisahau kuondoka mpaka walio nyuma wakanipigia honi.

Na walikuwa wanaruka. Asiyejua muziki huu lazima aambiwe: kiitikio kikifika, watu hawachezi, wanaruka, wote pamoja, juu na chini, bega kwa bega, kama mnyama mmoja mwenye miguu mingi. Kwa mwanamuziki hakuna raha inayozidi hiyo. Tessa wakati huo hufumba macho. Watu walidhani ni hisia. Wasichana wa shule walianza kumwiga, wakiimba wamefumba macho vilevile. Mimi nilisimama karibu naye, nilijua ni nini. Alikuwa anasikiliza chini.

Msimu wa majani kupukutika, mtu mmoja wa Philadelphia mwenye kampuni ndogo ya kutoa rekodi akatupigia simu. Aliitwa Garrick Stroud. Alikuwa amepewa kanda ya nyimbo zetu na mpwa wake, akataka kutuona tukipiga mbele ya watu wa kwetu. Ukumbi pekee uliokuwa wazi Jumapili ile alasiri ulikuwa wa chama cha Waslovaki, jengo la matofali mtaa wa kanisa: juu kuna ukumbi wa sherehe, chini kuna chumba ambamo wazee wanawake hucheza bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba. Tulibandika vipeperushi kwenye nguzo zote mpaka Scranton.

Tulifika mapema kujaribu vyombo. Tessa alisimama mlangoni akapiga kisigino chake. Akasogea hatua kadhaa ndani, akapiga tena. Akaenda katikati ya ukumbi, akaruka kidogo, mara moja, akatulia na mikono imetanuka.

"Inanirudisha juu," alisema.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa Mzee Zubris, mtu mnene mpole mwenye rundo la funguo kiunoni. Alicheka, si kwa dharau. "Binti yangu, hii imejengwa kwa ajili ya dansi ya polka. Sakafu ya polka lazima ipumue, la sivyo wazee watatoka hapa hawana magoti. Mimi harusi yangu ilikuwa humu. Mjomba wangu alikuwa na uzito wa ng'ombe na alicheza mpaka soli zikaachia. Sakafu ipo mpaka leo, mjomba ndiye hayupo."

Tessa akamwuliza kama kuna mtu amewahi kukagua boriti. Mzee akasema paa lilikuwa linavuja zamani upande wa barabarani, lakini lilishazibwa. Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na kwa hali ilivyokuwa mtu yeyote angemwamini.

Mimi nilishuka na Tessa kutazama dari ya chumba cha bingo. Meza zilikuwa zimepangwa, mama mmoja anamimina kahawa kwenye birika kubwa. Dari ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, ina ufa mrefu, lakini nyumba gani ya Brynmoor haina ufa? Taa za mirija zilining'inia kwa minyororo. Emlyn huko juu alikuwa anajaribu ngoma yake kubwa, na kila alipoipiga minyororo ilitikisika kidogo. Tessa aliitazama muda mrefu, uso umemkauka.

Tuliporudi juu alisema tuhamie uwanja wa magari, tupige nje. Emlyn akaweka chini vijiti vyake.

"Tessa, mvua inaweza kunyesha wakati wowote. Na huyu mtu anatoka Philadelphia. Hakuna mtu anayetoka Philadelphia kuja Brynmoor kama hajafiwa."

"Bibi yangu atakuwa hapo chini."

"Bibi yako yuko hapo chini kila Jumapili. Kwenye harusi ya binamu yangu alikuwa hapo chini. Akatuma mtu aje kutuambia tupunguze kelele."

"Basi tuwaambie watu wasiruke."

"Kwenye panki?" Emlyn aliuliza, akanitazama mimi kama anayeniomba ushahidi. "Tuwaambie na wanaokwenda kuogelea wasilowe."

Tulikubaliana nusu kwa nusu: tutapiga, lakini jukwaa tutalisogeza likae karibu kabisa na ukuta wa mbele, mbali na katikati, na nyimbo za mwendo mkali tutazitawanya. Tessa alikubali kwa kichwa tu. Nilimwona akihesabu milango kwa macho. Haikumchukua muda. Kulikuwa na mlango mmoja mwisho wa ukumbi, unaotokea kwenye ngazi nyembamba ya mbao yenye kona katikati, na mlango mdogo nyuma ya jukwaa, unaotokea kwenye ngazi ya chuma iliyoota kutu, ya kupita mtu mmoja mmoja.

Wakaja. Wakaja wengi kuliko tulivyowahi kuona. Ukumbi ulijaa mpaka waliochelewa wakasimama juu ya viti vya ukutani. Nilimwona Bwana Stroud kule nyuma karibu na mlango, mtu wa koti la kahawia, ameshika soda, anatabasamu na kila mtu. Kutoka chini, kabla hatujaanza, ilipanda sauti ya mama anayetaja namba kwenye kipaza sauti chake, na vijana wakawa wanamwitikia kwa kelele.

Tulianza na wimbo wa basi. Kiitikio kilipofika, wakaruka.

Nilijua kitu hakiko sawa kwa miguu yangu kabla sijajua kwa akili. Sakafu ya kawaida ukiruka juu yake inakugomea. Hii ilishuka pamoja nao, ikapanda pamoja nao. Spika yangu ya besi, ambayo wanaume wawili huinyanyua kwa taabu, ilikuwa inaitikia kwa kichwa kama mzee anayesinzia. Maikrofoni ya Tessa ikaanza kumkimbia. Aliisogelea kwa mdomo, ikamjia, akajitoa, ikaondoka. Watu waliona ni raha. Walipiga mayowe ya furaha na kuruka zaidi.

Wimbo wa pili niliona kwamba inaposhuka haipandi haraka kama mwanzo. Inakawia. Ilikuwa kama kifua cha mtu mgonjwa.

Halafu nikaona mwanga. Ukumbi ulikuwa na kiza, madirisha yamefunikwa na mapazia mazito ya zamani, na pale chini, upande wa barabarani, ambapo sakafu inakutana na ukuta, ulitokea mstari mweupe mwembamba. Ukazimika. Wakaruka tena, ukatokea tena. Nilifikiri ni taa ya mtu. Kisha nikaelewa kwamba ule ni mwanga wa chumba cha bingo. Sakafu ilikuwa inachomoka ukutani. Kila walipotua, ufa ulifunguka kama mdomo, nikaona hata rangi ya kijani ya meza za akina bibi. Kila walipopaa, ukajifunga.

Nilimgeukia Tessa. Safari hii alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anautazama uleule mstari, na bado anaimba, na jasho linamtiririka kidevuni.

Nimefikiria mara nyingi dakika hiyo. Mtu aliyekuwa ameisubiri maisha yake yote angepiga kelele akakimbia, na hakuna ambaye angemlaumu. Ngazi ile ingewabana watoto wale kwenye kona. Wangekanyagana, na katika kukimbia wangeipiga sakafu kuliko walivyoipiga kwa kuruka. Haya mimi niliyajua baadaye, nimekaa. Yeye aliyajua pale pale, huku kiitikio kinakuja.

Aliacha kupiga. Mimi nikaacha. Emlyn aliendelea, hajui, mpaka Tessa akarudi nyuma akaweka kiganja juu ya sahani yake ya shaba. Ukumbi ukapiga kelele ya kulalamika, kisha wakaanza kupiga makofi ya pamoja, na miguu nayo ikataka kuanza.

Tessa akasogea kwenye maikrofoni. "Kaeni chini," alisema.

Wakacheka.

"Nasema kweli. Kaeni chini wote. Nina wimbo ambao sijawahi kuuimba mbele ya mtu, hata hawa wawili hawaujui, na siwezi kuuimba mkiwa mmesimama. Kaeni taratibu, mtaumizana."

Sauti ilimtetemeka, na kutetemeka kule ndiko kulikowashawishi. Walidhani ana haya. Wakaanza kukaa, wa mbele kwanza, wakivutana mikono, wakinong'ona. Nilisikia mbao zikilia wakati uzito ule ukijipanga. Mstari wa mwanga ukabaki wazi. Haukujifunga tena.

Niliinama sikioni mwa Emlyn nikamwonyesha. Alikuwa na hasira, alikuwa ameshafungua mdomo anitukane, halafu akauona. Nikamwambia bibi zetu wako chini. Akaviweka vijiti juu ya ngoma, polepole kama anaweka mayai, akatoka kwa mlango mdogo wa nyuma ya jukwaa.

Tessa akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa ile kamba ya nguo ya mama yake. Hauna kiitikio. Unasema tu nguo zilizokuwa juu yake siku ile, moja moja, shati la baba, soksi za kaka, shuka lenye maua, na kwamba huko chini labda zimekauka. Aliupiga kwa gitaa tupu bila kelele, na vijana wale wakatulia kama wako kanisani. Kati ya beti alizungumza kwa sauti ileile ya wimbo. Alisema nusu ya pili ya onyesho itakuwa nje, uwanjani, kwa sababu anataka kuimba chini ya mbingu. Waliokaa mlangoni watangulie. Wasimame mmoja mmoja, washikane mikono, washuke bila kuongea. Atakayekimbia au kuruka, wimbo utakatika na hatauimba tena maishani.

Bwana Stroud alikuwa wa kwanza kushuka. Nilimwona akitikisa kichwa kwa kufurahishwa, kama mtu aliyeonyeshwa mchezo mpya.

Walitoka kwa mstari. Sijui ilichukua muda gani. Kwangu mimi ilikuwa ni kipupwe kizima. Nilikuwa nimebaki na besi yangu shingoni, naogopa hata kuivua. Katikati ya ukumbi, walikokaa wengi, sakafu ilikuwa imeingia ndani kidogo, kama kitanda alichokalia mtu. Msichana mmoja alidondosha chupa tupu ya soda, nayo ikabingirika yenyewe mpaka pale katikati, ikasimama. Watu wakaitazama. Wachache wakatazamana.

Na hapo ndipo kijana mmoja mwenye mwili mkubwa, mwenye kofia nyekundu, akasimama akaanza kuwachochea wenzake. Huu ni ulokole gani, alisema, tumekuja kuruka. Akaruka mara moja. Kitu kikavunjika chini yetu kwa sauti kavu. Tessa hakukatisha. Niliona vidole vyake vikikosea nyuzi, vikarudi.

Nilishuka jukwaani nikamwendea yule kijana, nikitembea kwa ukingo wa ukuta kama paka. Nikamshika mkono, nikamwambia sikioni, "Kaka, sakafu inavunjika. Ukipiga kelele tunakufa wote. Kaa chini, nishike mkono."

Alinitazama. Akatazama miguu yake. Uso wote ukamwanguka, akawa mtoto. Akakaa chini kama nilivyomwambia, akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Tulikaa hivyo hadi zamu yake ikafika, nikamwinua, akaenda.

Huko chini, kama tulivyosimuliwa baadaye, Emlyn aliingia chumba cha bingo akawaambia wazee watoke. Hawakutoka. Mama wa kahawa alimwambia avue kofia. Bibi yake Tessa alikuwa amebakiza namba moja ashinde, na akamwambia Emlyn kwamba kama ni moto auzime, yeye hasogei. Vumbi la chokaa lilikuwa limeanza kuanguka kwenye vikombe vyao, wanalipangusa tu. Emlyn akaona maneno hayatamfikisha popote. Akanyakua tufe la waya lenye namba zote za bingo, akakimbia nalo nje ya mlango. Wale kina mama, ambao wengine wao walikuwa hawapandi ngazi ya kanisa bila kushikwa, walimfuata mbio mpaka uwanjani wakimlaani kwa Kislovaki, na bibi wa Tessa yuko mbele yao na fimbo.

Juu tukawa tumebaki wawili. Tessa alimaliza ubeti, kwa sababu mtu wa mwisho alikuwa bado kwenye kona ya ngazi, kisha akavua gitaa akalilaza jukwaani. Nilimwambia twende. Hakuweza. Miguu ilikuwa imegoma. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hawezi kuinyanyua, na kwamba nitangulie. Nilimshika kiunoni nikamburuta mpaka mlango mdogo, tukashuka ngazi ya kutu, yeye amefumba macho na kutaja majina ya nguo zilezile.

Tulikuwa tumekanyaga changarawe ya uwanja sakafu iliposhuka. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayeshusha pumzi ndefu, halafu kishindo kimoja, halafu ngoma za Emlyn zikibingirika moja baada ya nyingine, dum, dum, na sahani zikilia. Madirisha ya chini yakatema vumbi jeupe. Kina mama wakapiga ishara ya msalaba. Vijana wasiojua kwa nini walitolewa nje wakajua. Bwana Stroud alikuwa katikati ya kutuambia kwamba hajawahi kuona bendi ikiwatoa watu nje kwa ustadi ule na kutuuliza lilikuwa wazo la nani. Soda ikamwagika kwenye kiatu chake.

Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyekwaruzwa, isipokuwa Emlyn, aliyepigwa fimbo ya bega. Mafundi waliokuja walisema ncha za boriti upande wa barabarani zilikuwa zimeoza kwa maji yaliyopita ndani ya ukuta miaka mingi. Polka isingezimaliza. Kuruka kwa pamoja ndiko kulikozimaliza.

Wiki iliyofuata Mzee Zubris alikuja nyumbani kwa bibi wa Tessa, akakaa ndani ya gari lake kando ya barabara hadi bibi mwenyewe akatoka akagonga kioo. Aliingia na mkate wa njugu aliouoka mkewe. Bibi alimkaripia kwa Kislovaki toka mlangoni hadi mezani, kisha akamkatia kipande cha mkate uleule aliouleta, na mzee akala huku analia. Tessa alikaa naye. Hakumwambia neno lolote la kulaumu.

Mngedhani mambo yaliishia hapo, na kwamba aliyeokoa watu wengi vile angepona woga wake. Haikuwa hivyo. Bwana Stroud alitupa mkataba, rekodi ikatoka majira ya kuchipua, na habari ya ukumbi ikatutangulia kila tulikokwenda. Kwenye magazeti tukawa ile bendi iliyovunja jengo. Vijana wasiotujua wakaanza kuja kwa ajili hiyo. Allentown, kwenye ukumbi wa saruji tupu, kabla hatujagusa vyombo walikuwa wanaimba, "Vunja sakafu! Vunja sakafu!" wakipiga miguu kwa pamoja.

Tessa alikuwa ametoka kutapika nyuma ya gari letu. Kila siku ya onyesho alitapika, tukawa tunabeba ndoo. Alisimama kwenye maikrofoni. Aliwaacha waimbe mpaka wakachoka kidogo.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Bibi yangu alikuwa chini. Msiimbe hivyo."

Baadhi walizomea. Mmoja akarusha kikombe. Lakini mbele kulikuwa na wasichana wa Hazleton, wale waliotufuata tangu enzi za duka la piza, na wao waligeuka wakawatazama wale wa nyuma kwa macho ambayo nisingependa kutazamwa nayo. Kelele ikafa. Tukapiga. Waliruka, kwa sababu huwezi kuwazuia watu wasiruke kwenye muziki wetu, na Tessa akaimba wimbo baada ya wimbo kwa sauti nzuri kuliko wakati wowote, akiwa mweupe kama karatasi, jicho lake linazunguka kwenye kingo za ukumbi bila kupumzika.

Tulirudi nyumbani kesho yake asubuhi, Tessa akiendesha. Huwa hataki mtu mwingine aendeshe. Emlyn alikuwa amelala nyuma juu ya ngoma zake mpya, mdomo wazi. Theluji ya mwisho ya msimu ilikuwa inaanguka na kuyeyuka kwenye kioo. Nilimwuliza, kwa sababu nilikuwa nimelibeba swali hilo muda mrefu, kwa nini haachi. Hakuna ambaye angemlaumu. Emlyn na mimi tungepata kazi nyingine, ghala la matairi lipo.

Alipunguza mwendo mbele ya daraja kama anavyofanya mbele ya kila daraja.

"Nikikaa nyumbani pia naogopa, Kaz," alisema. "Kule naogopa peke yangu, kimya. Huku angalau kuna kelele, na wewe uko hapo upande wa kulia."

Akauliza kama kahawa imebaki. Nilimmiminia kwenye kifuniko cha chupa, nikamshikia mpaka tukavuka, kwa sababu mikono yote miwili aliihitaji kwenye usukani.